Kuchagua Gari Lililotumika kwa Mnunuzi Mwenye Fedha Kidogo

Kosa la kwanza katika ununuzi wa gari lililokwisha kutumika hufanyika kabla mnunuzi hajaliona gari lolote, nalo ni kuzihesabu fedha zote alizonazo kuwa ndiyo bei ya gari. Mtu aliyeweka akiba kwa miaka kadhaa hutafuta gari la kulingana na akiba hiyo hadi senti ya mwisho, akalipata na kulilipia, kisha wiki ya tatu fundi akamwambia kwamba matairi yamekwisha, betri haishiki chaji, na hakuna anayejua mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa pistoni na vali ndani ya injini, ulibadilishwa lini. Si lazima awe ametapeliwa. Wenye magari si wachache wanaoamua kuuza pale wanapoona matengenezo makubwa yanakaribia, na gharama waliyoikwepa humfuata mmiliki mpya. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya ukaguzi wa magari humshauri mnunuzi atenge walau sehemu moja kati ya tano ya fedha zake kwa ajili ya uhamisho wa umiliki, bima na matengenezo ya miezi ya mwanzo, na gari lenyewe alitafute kwa sehemu nne zilizobaki.

Ushauri huo haupendwi, kwa kuwa humlazimisha mtu kushuka kutoka gari alilokuwa akiliota hadi gari dogo au la zamani zaidi. Hata hivyo, gari la kawaida lililotunzwa lina faida kubwa kuliko gari la kifahari lililochoka. Gari la kifahari hushuka bei haraka kadiri linavyozeeka, lakini vipuri vyake havishuki nalo: giaboksi yake, shokapu zake za hewa na kompyuta zake huendelea kuuzwa kwa bei iliyopangwa wakati gari hilo lilipokuwa likinunuliwa na watu wenye uwezo. Mwenye fedha kidogo anapaswa kuuliza mambo mawili kabla ya kuuliza bei: je, vipuri vya gari la aina hii vinapatikana bila kuagizwa kutoka mbali, na je, mafundi wa kawaida wanalifahamu? Injini ya petroli isiyo na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), iliyounganishwa na giaboksi iliyozoeleka, haina makuu ila husamehe mengi. Gari la dizeli linalotumika kwa safari fupi fupi za mjini huelekea kuziba chujio la masizi, na gari la mseto linalotumia petroli na umeme linahitaji betri yake kubwa ipimwe kabla ya mazungumzo yoyote, kwa kuwa gharama ya betri hiyo inaweza kumeza akiba yote.

Wanunuzi wengi huanza na mwaka wa kutengenezwa na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Namba hizo zina maana, lakini maana yake hutegemea historia ya gari. Gari lililotembea kilomita 180,000 katika barabara kuu, likibadilishwa oili kwa wakati na kuandikwa kila lilipoingia gereji, linaweza kuwa na injini yenye afya kuliko gari la kilomita 80,000 lililokaa kwenye foleni, likizimwa na kuwashwa mara kumi kwa siku na kubadilishwa oili pale tu mwenyewe alipokumbuka. Zaidi ya hayo, mita inaweza kurudishwa nyuma, na mita za kidijitali hazikuondoa udanganyifu huo. Zilibadilisha tu kifaa kinachotumika kuufanya.

Hesabu ndogo husaidia hapa. Gari la familia kwa kawaida hutembea kati ya kilomita 10,000 na 20,000 kwa mwaka. Gari la miaka 12 linaloonyesha kilomita 48,000 limetembea wastani wa kilomita 4,000 kwa mwaka, yaani takribani kilomita 11 kwa siku. Jambo hilo linawezekana, lakini linahitaji ushahidi: daftari la matengenezo, kibandiko cha kubadilisha oili kilichosahaulika pembeni mwa mlango, au cheti cha ukaguzi wa miaka ya nyuma chenye namba za mita. Ushahidi mwingine umo ndani ya gari. Mpira wa pedali ya breki uliolainika hadi chuma kuanza kuonekana, usukani unaong'aa mahali mikono inapokaa, na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa kuingilia, vyote hivyo si vya kilomita 48,000. Na pale mpira wa pedali unapokuwa mpya kabisa katika gari ambalo kila kitu kingine ni cha zamani, mnunuzi ajiulize kwa nini ulibadilishwa.

Matairi nayo hutoa habari. Ubavuni mwa tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 huandikwa msimbo unaoishia na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri, yaani mpira wenye mifereji unaogusa barabara, lakini umri mkubwa na nyufa ubavuni halifai, na katika nchi nyingi kina cha kashata hakiruhusiwi kushuka chini ya milimita 1.6. Tairi lililolika upande mmoja hueleza zaidi: huenda gari linahitaji tu kupangwa magurudumu, huenda bushi (mipira ya kwenye maungio ya magurudumu) zimekwisha, au huenda chesisi ilipinda katika ajali.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na katika biashara hii mlango huwa umepigwa rangi juzi. Ukaguzi wa bodi ufanyike mchana, gari likiwa safi na kavu, kwa sababu maji na taa za usiku huficha tofauti za rangi. Mnunuzi asimame kwenye kona ya gari na kulitazama ubavu wake wote kwa pembe, kwani mawimbi ya puti, ile lipu inayojaziwa mahali bodi ilipobonyea, huonekana vizuri zaidi namna hiyo kuliko kwa kulitazama usoni. Nafasi kati ya boneti na mabawa (bodi ya juu ya magurudumu ya mbele), na kati ya milango na bodi, zilingane pande zote mbili. Boliti zinazoshika mabawa na bawaba za boneti zikiwa zimekwanguka rangi, zimewahi kufunguliwa. Vumbi la rangi kwenye mipira ya milango au kwenye nyaya ndani ya boneti ni alama ya kazi ya gereji, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ikikataa kushika mahali panapopaswa kuwa chuma, inaonyesha puti nene. Mkwaruzo uliopakwa rangi si sababu ya kuliacha gari; chesisi iliyopinda ni sababu tosha, hata bei ishuke vipi.

Gari lililozama kwenye mafuriko ninaliogopa kuliko gari lililogongwa, kwa sababu kutu ya nyaya na viunganishi vya umeme huendelea kimyakimya na kuibuka miezi kadhaa baadaye, leo taa, kesho kufuli za milango, keshokutwa injini kuzima njiani. Mkanda wa usalama uvutwe hadi mwisho wake, kwa kuwa wasafishaji wengi huosha sehemu inayoonekana na kuusahau urefu uliojikunja ndani, ambako alama ya maji na tope hubaki. Reli za viti zitazamwe kama zina kutu, zulia linyanyuliwe, na taa za mbele zichunguzwe kama zina ukungu ndani. Manukato makali ndani ya gari la kuuza hayanifurahishi kamwe.

Injini ikaguliwe ikiwa ya baridi. Mnunuzi amtaarifu muuzaji mapema kwamba asiliwashe gari, na akifika ashike boneti. Ikiwa ina joto, aulize sababu, kwa kuwa injini yenye tatizo la kuwaka asubuhi au yenye kelele za mwanzo huonekana haina neno ikishapashwa moto. Kabla ya kuwasha, kijiti cha oili kichomolewe na kifuniko cha oili kifunguliwe. Oili nyeusi ni oili iliyotumika tu, lakini tope zito chini ya kifuniko ni dalili ya miaka ya uzembe. Utando unaofanana na maziwa unaweza kuwa unyevu wa safari fupi, na pia unaweza kuwa maji ya rejeta yanayopenya kupitia gasketi ya kichwa cha injini. Rejeta nayo ifunguliwe wakati huo huo wa baridi, kamwe si injini ikiwa ya moto, na kipoza kilichomo kisiwe na mafuta wala rangi ya kutu.

Gari likishawashwa, mtu mmoja asimame nyuma atazame bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweusi katika gari la petroli ni mafuta yanayozidi kipimo, na moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikipata moto, hasa wenye harufu ya utamu, ni kipoza kinachoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa dakika za mwanzo hauna ubaya. Baada ya hapo liulizwe swali la taimingi: ni mkanda au mnyororo? Mkanda hubadilishwa kwa kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi karibu na kilomita 100,000, na katika injini nyingi ukikatika, pistoni hugonga vali na injini huharibika papo hapo. Kama hakuna risiti ya kuubadilisha, mnunuzi auchukulie kuwa haujabadilishwa na aikate gharama hiyo kwenye bei.

Wakati ufunguo unapogeuzwa kabla ya kuwasha, taa za tahadhari za injini, breki na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka na kisha kuzimika. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka muda wote, kwa maana huenda mtu ameing'oa ili isiseme. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya kuanzia mwaka 2001, yana soketi ya tundu 16 chini ya dashibodi ambamo fundi huchomeka kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, na magari mengi ya nchi nyingine yaliyofuata yana soketi hiyo hiyo. Muuzaji anaweza kuyafuta makosa hayo asubuhi ya siku ya ukaguzi, lakini kifaa hicho huonyesha pia kwamba kompyuta haijamaliza kujipima upya, na kumbukumbu iliyofutwa karibuni inapaswa kuelezwa.

Jaribio la barabarani lisiwe la kuzunguka mtaa mmoja. Liendelee angalau nusu saa, redio ikiwa imezimwa, kwenye mlima, kwenye mashimo na mahali panaporuhusu mwendo mkubwa. Giaboksi ya otomatiki ibadilishe gia bila kushtua wala kuchelewa, na oili yake, pale inapoweza kupimwa, isiwe na harufu ya kuungua. Kwa gari la gia za mkono, liwekwe gia ya juu katika mwendo wa kati na kukanyagwa mafuta; mzunguko wa injini ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Usukani ukikatwa hadi mwisho na gari kusogezwa taratibu, mlio wa kugongagonga mbele ni wa viungo vya ekseli. Breki zisivute upande mmoja. Mshale wa joto ukipita katikati, au kipoza kikipungua baada ya safari, jaribio limekwisha na gari liachwe.

Yote haya hayachukui nafasi ya fundi. Fundi huyo achaguliwe na mnunuzi, alipwe na mnunuzi, na asiwe rafiki wa dalali, kisha alinyanyue gari na kulitazama chini, ambako mvujo wa oili, kutu na uchomeleaji wa chesisi hauwezi kufichwa na rangi ya juu. Malipo yake ni madogo sana kulinganisha na gharama ya injini. Muuzaji anayekataa gari lake litazamwe na fundi wa nje amekwisha kutoa jibu.

Nyaraka zikaguliwe kwa umakini uleule. Namba ya utambulisho wa gari katika magari mengi ya kisasa ina herufi na tarakimu 17, haitumii herufi I, O wala Q, na inapaswa kufanana mahali pote ilipogongwa na katika hati ya umiliki. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi ya chesisi. Kwa kutumia namba hiyo mnunuzi anaweza kuuliza kama mtengenezaji aliwahi kuliita gari hilo kwa marekebisho ya usalama. Hili si jambo la kupuuzwa: mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyowekwa katika magari ya watengenezaji wengi, ilirejeshwa kwa mamilioni kwa sababu baadhi ya vyombo vyake vya kuijazia hewa vilipasuka na kurusha vipande vya chuma, na kwa kawaida marekebisho ya namna hiyo hayamgharimu mwenye gari. Jina lililo kwenye hati liwe la anayeuza, au awepo mwenye jina hilo, na ithibitishwe kwa mamlaka husika kwamba gari halina mkopo, kesi wala deni. Fedha zisitangulie kabla ya uthibitisho huo, hata kama muuzaji anasema kuna mteja mwingine yuko njiani.

Gari likishanunuliwa, ile sehemu iliyotengwa ianze kazi wiki hiyo hiyo. Zibadilishwe oili ya injini na chujio zake, maji ya breki na kipoza, pamoja na mkanda wa taimingi ikiwa historia yake haijulikani. Pedi za breki zilizobaki milimita 3 au chini ya hapo zitolewe. Kwa mwezi wa kwanza oili ipimwe kila wiki, injini ikiwa imepoa na gari likiwa limesimama mahali tambarare, na kiwango chake kiandikwe pamoja na kilomita za siku hiyo, kwa kuwa gari linalokula oili halionyeshi tabia hiyo katika jaribio la nusu saa.