Je, wajua? Kwa nini kisima cha pwani kikiongezwa kina huzidi chumvi

Mama mdogo wangu anakaa Kigamboni, karibu nusu kilomita kutoka ufukweni. Siku moja alinipa chai, nikapiga funda moja na kuishusha. "Mamdogo, humu imeingia chumvi?" Akasema, "Chai haina kosa, mwanangu. Ni maji." Akanionyesha birika, limeshika ukoko mweupe mpaka kwenye mdomo. Sabuni ya mche nayo ilikataa povu, ikawa inaganda vipande vipande kwenye beseni.

Kisima chake kilikuwa na mita 30 na awali kilitoa maji mazuri. Nikamshauri achimbe zaidi, afuate maji matamu chini. Akatafuta fundi, wakafika mita 50. Maji yakazidi chumvi.

Ushauri ule ulikuwa wangu, na nimeusikia kwa watu wengi wa Dar, hata kwa wanaoishi kwa kuchimba visima. Tunadhani bahari inaingia kwa ubavuni, kama maji yanayopenya ukutani, kwa hiyo ukizama chini sana utaipita. Tunachosahau ni kwamba maji ya bahari ni mazito. Yakishaingia ardhini hutafuta chini, na maji ya mvua hukaa juu yake. Kwa hiyo nyumba nyingi za pwani zina maji matamu chini ya msingi, na chini ya hayo matamu kuna chumvi inayosubiri. Anayechimba zaidi anaifuata.

Uzito wenyewe unatofautiana kidogo sana. Lita moja ya maji matamu ni gramu 1,000, ya bahari ni kama gramu 1,025. Lakini hizo gramu 25 ndizo zinazoamua kila kitu. Ili kusawazisha safu ya maji ya bahari ya mita 40, unahitaji safu ya maji matamu ya mita 41. Maana yake, pale ambapo maji matamu ardhini yamesimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, yanaweza kushuka hadi mita 40 chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Badon Ghijben wa Uholanzi aliandika hesabu hii mwishoni mwa miaka ya 1880, na Herzberg wa Ujerumani akaifikia kwa njia yake mwaka 1901.

Ukitaka kuiona kwa macho, nenda ukatazame jahazi likishusha mzigo. Likiwa limejaa, tumbo limezama. Kila gunia likitoka, tumbo linapanda. Maji matamu ni jahazi hilo, na chumvi ndiyo bahari iliyolibeba. Tofauti ni kwamba jahazi la maji linapandisha tumbo kwa kiasi cha kutisha: ukivuta maji mpaka usawa wa juu ukashuka nusu mita tu, na ukabaki hivyo, chumvi huelekea kupanda mita 20 kutoka chini. Unayechota huoni kitu. Ndoo zinajaa kama jana.

Na chini ya kisima chenyewe mambo huenda haraka kuliko mtaa mzima. Chukua bakuli la tui lililotulia, lile lenye mafuta limepanda juu na maji yamebaki chini. Ukichota taratibu kwa kijiko kidogo, unapata tui. Ukivuta kwa nguvu sehemu moja, maji ya chini yananyanyuka kama kichuguu na kuingia kwenye kijiko. Pampu kubwa hufanya hivyohivyo, na haihitaji kukosea sana: chini ya nusu lita ya maji ya bahari ndani ya ndoo ya lita 20 inatosha kuleta ladha ya chumvi mdomoni.

Hesabu ya 40 inakubali pale mchanga ulipo wa aina moja na maji yametulia. Ardhi ya Dar ina matabaka ya mchanga na udongo wa mfinyanzi, na tabaka la mfinyanzi linaweza kuyafunika na kuyalinda maji matamu yaliyo chini sana. Ndiyo sababu Kimbiji, hukohuko Kigamboni, kumechimbwa visima virefu vya mamia ya mita kwa ajili ya jiji. Tena si kila chumvi ya kisimani imetoka baharini. Mashimo ya vyoo nayo huongeza chumvi majini. Kwa hiyo maji yapimwe kabla ya kumlaumu yeyote.

Jiji hili hutegemea zaidi mto Ruvu, na Ruvu ukipungua watu hukimbilia ardhini. Ilikuwa hivyo kwenye ukame wa 1997, na mgao wa 2022 ulitukumbusha tena. Sasa sola imeongeza jambo jipya: pampu haina bili wala mafuta, hakuna kinachomfanya mtu aizime. Tangi likijaa linamwagika uani, na chini chumvi inapanda.

Lakini sola hiyohiyo ndiyo ninayoitetea. Pampu ndogo inayovuta polepole tangu asubuhi mpaka jioni haiinui kichuguu kama pampu kubwa inayofyonza maji yaleyale kwa saa moja. Tangi lililoinuliwa ndilo linalotunza maji ya usiku, na swichi ya boya inakata pampu likijaa.

Mamdogo amefanya hivyo. Fundi aliziba zile mita 20 za chini kwa saruji, akafunga pampu ndogo. Mvua za Dar ni kama milimita 1,100 kwa mwaka, na kila milimita juu ya bati la mita za mraba 100 ni lita 100, kwa hiyo ameweka mifereji kwenye paa na simtanki la pili. Chumvi ya kisimani inapungua, ila taratibu mno, masika hadi masika. Maji ya kisima anafulia na kudekia. Chai anapikia ya mvua.