Je, wajua kwa nini mtumishi wa Batman alikonda ghafla?

Chukua vitabu viwili vya katuni za Batman, kimoja cha katikati ya mwaka 1943 na kingine cha mwanzoni mwa 1944, uviweke mezani kimoja kando ya kingine. Katika kile cha kwanza, mtumishi wa nyumbani kwa Bruce Wayne, tajiri ambaye ndiye Batman mwenyewe akivua kinyago, ni bonge la mtu, mashavu yamejaa, ndevu hana hata unywele mmoja. Katika cha pili ni mwembamba kama fito, na juu ya mdomo ana masharubu yaliyotunzwa vizuri. Jina ni lile lile, Alfred, na bosi ni yule yule. Aliyemkondesha ni sinema.

Alfred aliingia kwenye katuni kwa mara ya kwanza katika Batman toleo la 16, la Aprili na Mei 1943, kwenye hadithi iliyoandikwa na Don Cameron. Wakati huo Batman alikuwa na miaka minne kazini na msaidizi wake, kijana Robin, mitatu, wala jumba lao halikuwa na mtumishi. Anatokea Mwingereza mmoja aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani, na mizigo yake mkononi, anasema amekuja kukaa. Baba yake, Jarvis, aliyewahi kuitumikia familia ya Wayne, alimuusia akiwa mahututi arudi kwenye kazi hiyo ya ukoo. Bruce na Robin hawamtaki hata kidogo, maana watu wanaotoka usiku wakiwa wamevaa vinyago watamfichaje mtu anayelala humo humo ndani? Hata hivyo wanakosa namna ya kumtimua. Alfred naye anajiona mpelelezi bingwa, kumbe ni wa kuchekesha tu, na siri ya mabosi wake anaigundua kwa bahati. Unene ulikuwa sehemu ya kichekesho hicho. Yule Alfred tunayemzoea leo, aliyemlea Bruce tangu alipofiwa na wazazi, ni wa miaka mingi baadaye. Huyu wa 1943 alimkuta Bruce mtu mzima.

Julai mwaka huo huo kampuni ya Columbia ikaanza kuonyesha Batman kwenye majumba ya sinema. Ilikuwa hadithi ya sehemu 15, sehemu moja kwa wiki, kila moja ikiishia pale pale ambapo steringi yuko hatarini, ili wiki ijayo watoto warudi na hela zao. Ilitengenezwa Marekani ikiwa vitani na Japani, kwa hiyo adui ni Mjapani, Daktari Daka, aliyeigizwa na Mmarekani aliyepakwa vipodozi, na matusi yanayotupwa mle kwa Wajapani yanakera ukiitazama leo. Nafasi ya Alfred ilipewa William Austin, mwigizaji mwembamba mwenye masharubu. Huwezi kumwambia mtu anenepe ndani ya wiki mbili, na sidhani kama kuna aliyejali.

Waliojali ni wachapishaji wa katuni. Mtoto aliyetoka sinema Jumamosi na kununua kitabu siku ya pili yake angemkuta Alfred mwingine kabisa. Wangeweza kubadilisha mchoro kimyakimya, lakini waliona heri watoe maelezo. Katika Detective Comics, kitabu kingine cha hadithi za Batman, toleo la 83, la Januari 1944, Alfred anachukua likizo, anakwenda kwenye kituo cha afya kupunguza mwili ili afanane na mpelelezi anayeota kuwa, kisha anarudi kakonda na masharubu juu. Kisingizio chenyewe ni chepesi, ila kinamfaa mtu wa aina yake. Na si mwili wa Alfred peke yake uliotoka sinema. Lile pango la popo chini ya nyumba, ambalo leo huwezi kumfikiria Batman bila hilo, na ile saa kubwa ya ukutani inayoficha mlango wake, vyote vilionekana kwanza katika hadithi hiyo ya Columbia.

Sasa kwa nini skrini ilimbadilisha Alfred, na si Batman? Nionavyo mimi, jibu liko usoni. Steringi wa aina hii amefunikwa: kinyago, joho, alama kifuani. Ukibadilisha mtu aliye ndani, Batman anabaki Batman. Mtu wa pembeni hana kinyago; anatambulika kwa sura, umbo na namna anavyobeba sinia la chai. Tazama filamu nne za Batman zilizotoka kati ya 1989 na 1997: Batman walikuwa watatu, Michael Keaton, Val Kilmer na George Clooney, lakini Alfred ni mmoja mwanzo hadi mwisho, Michael Gough. Watazamaji walijua wako nyumba ile ile kwa sababu aliyefungua mlango ni yule yule.

Miaka ya sitini skrini ilimfanyia Alfred kubwa zaidi. Mhariri mpya, Julius Schwartz, alikuwa amepewa kazi ya kuzifufua katuni za Batman zilizokuwa zinadorora. Katika Detective Comics toleo la 328, la Juni 1964, Alfred anawaokoa Batman na Robin, na jiwe kubwa linamwangukia yeye. Akafa, akazikwa, na Bruce akaanzisha taasisi ya hisani kwa jina lake. Nyumbani akaletwa shangazi yake Robin, Harriet. Wengi wanaamini shangazi huyo aliletwa kwa makusudi: miaka kumi nyuma daktari wa akili Fredric Wertham alikuwa ameandika kitabu cha kuzishutumu katuni, akiona mabaya katika nyumba ya wanaume peke yao. Mwanamke mtu mzima sebuleni angefunga midomo.

Kumbe televisheni nayo ilikuwa inajiandaa. Januari 1966 kituo cha ABC kilianza kurusha Batman ya Adam West, na watengenezaji wake walimtaka Alfred. Wakamchukua Alan Napier, Mwingereza mrefu kupindukia, na shangazi Harriet wakambakiza pia. Ikawa kila wiki Alfred anapokea simu nyekundu mbele ya mamilioni ya watu, huku kwenye katuni yuko kaburini. Na vipindi hivyo vilileta fedha: wastani wa mauzo ya kitabu cha Batman ulipanda kutoka nakala 450,000 hivi kwa toleo mwaka 1965 hadi karibu 900,000 mwaka 1966. Kwa hesabu hiyo, nani abishane na televisheni? Kwenye katuni kulikuwa na adui wa gizani aitwaye Outsider aliyekuwa akiwasumbua Batman na Robin tangu mwishoni mwa 1964. Oktoba 1966, katika Detective Comics toleo la 356, akafichuliwa: ni Alfred, aliyefufuliwa na mwanasayansi mmoja na kugeuka kiumbe mweupe mwenye chuki. Akaponywa, akarudi jikoni. Taasisi ikabadilishwa jina, ikawa ya Wayne, kwa kuwa marehemu hakuwa marehemu tena. Jina lake la ukoo, Pennyworth, lilikuja 1969; katika miaka ya arobaini aliitwa Alfred Beagle.

Mambo haya hayakumkuta Alfred peke yake. Jimmy Olsen, kijana wa gazetini rafiki yake Superman, alipata jina na nafasi kupitia redio mwaka 1940. Harley Quinn, mwanamke mhalifu katika hadithi za Batman, alizaliwa kwenye katuni za televisheni mwaka 1992 kabla hajachorwa kitabuni. Nick Fury, mkuu wa majasusi katika katuni za Marvel, yeye alikwenda kinyume: mwaka 2002 wachoraji walimpa sura ya mwigizaji Samuel L. Jackson, na 2008 Jackson mwenyewe akaja kumwigiza.

Tangu mwaka 2005 Alfred amezidi kuwa askari. Mwigizaji Michael Caine, alipopewa nafasi hiyo kwenye filamu, alijitungia kwamba mtumishi huyu alikuwa sajenti wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza. Tamthilia ya Pennyworth, iliyoanza Julai 2019, ikamfanya kijana aliyetoka SAS kweli kweli. Mwezi uliofuata, katika Batman toleo la 77, Bane, adui wa Batman, akamvunja shingo, kwa hiyo Alfred akawa anazikwa kwenye karatasi huku ujana wake ndiyo kwanza unaanza kwenye skrini. Na katuni mpya ya Absolute Batman, iliyotoka 2024, imemleta akiwa jasusi wa Uingereza, hana bwana wa kumpelekea chai, na kazi aliyotumwa Gotham, mji wa Batman, inamfanya amfuatilie Batman mwenyewe.