Uvimbe umetoka wote, kemo ya nini?

Mama mdogo alipasuliwa uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Siku ya saba alirudi nyumbani kwa miguu yake, tukamshukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa yakatoka: saratani ya ovari, hatua ya IC, daraja la 3 (maana yake nitaieleza hapa chini). Daktari akashauri kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, mizunguko sita. Jioni hiyo sebuleni kila mtu alikuwa na lake, na karibu yote yaliyosemwa nimeyasikia tena kwa familia nyingine. Nayaandika pamoja na ukweli wake kwa sababu muda wa kuamua huwa mfupi: kemo ikihitajika, huanza wiki chache tu baada ya upasuaji, kidonda kikishapona.

"Uvimbe umetolewa wote, kemo ya nini tena?"

Huyu alikuwa mjomba, na hoja yake inaeleweka. Lakini daktari hutoa anachokiona. Chembe chache zilizobaki tumboni hazionekani kwa macho wala kwa CT scan, na hizo ndizo kemo inazozifuata.

Mwaka 2003 yalitolewa matokeo ya pamoja ya majaribio mawili ya Ulaya, ICON1 na ACTION, yaliyohusisha wanawake 925 wenye saratani ya ovari ya hatua za mwanzo. Baada ya miaka 5, kati ya kila 100 waliopewa kemo mara baada ya upasuaji, 82 walikuwa hai. Kwa waliosubiri, 74. Tofauti ni watu wanane, na kwangu mimi wanane ni wengi mno. Ila tazama pia hao 74: wengi wao waliishi bila kuanza kemo mapema. Kwa hiyo kuna anayeihitaji sana na kuna asiyeihitaji, na kazi yote ni kujua mgonjwa wenu yuko wapi.

"Saratani ni saratani, wote wanatibiwa sawa"

Hapana. Hatua ya IA au IB, yaani ugonjwa haujatoka nje ya ovari, tena daraja la 1, na tumbo limekaguliwa kikamilifu: zaidi ya 90 kati ya 100 wanapita miaka 5 kwa upasuaji peke yake, na kemo haijaonekana kuwaongezea kitu. Hao hubaki kwenye uangalizi. Hatua ya IC (ugonjwa uko kwenye ovari, lakini uvimbe umepasuka, au chembe zimefika juu ya ovari au kwenye maji ya tumboni), au daraja la 3, au aina ya seroso ya daraja la juu, ambayo ni aina kali ya saratani ya ovari, ushauri wa kawaida ni kemo. Katikati, kama daraja la 2, madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana, na hapo kuomba maoni ya pili ni haki ya mgonjwa, wala si kumdharau daktari.

Hatua inaeleza ugonjwa umefika wapi. Daraja linaeleza chembe zina ukali gani. Sisi tulivichanganya viwili hivyo usiku mzima, tukiisoma karatasi ya patholojia, yaani ya majibu ya kinyama, kwa tochi ya simu. Ombeni nakala ya karatasi hiyo, pamoja na maelezo ya upasuaji. Uamuzi wote unasimama juu yake.

"Saratani ikiguswa na kisu inasambaa"

Bila kisu, saratani ya ovari haiponi, wala hatua yake haijulikani kwa uhakika. Lakini shangazi, aliyelisema hilo, hakulitoa hewani. Uvimbe ukipasuka wakati wa kutolewa, majimaji yake humwagika tumboni, na ugonjwa uliokuwa IA huandikwa IC1. Ndiyo sababu daktari hujitahidi kuutoa mzima, na huepuka kuuchoma sindano uvimbe anaoutilia shaka.

"Tumeambiwa hatua ya kwanza, basi ni ya kwanza"

Hapa ndipo ningependa kila familia isimame kidogo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1983 uliwakagua upya wanawake 100 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa wa mapema. 31 walikutwa umeshasogea zaidi. Ulizeni: maji ya tumboni yalipimwa? Utando wa mafuta unaofunika utumbo ulichukuliwa? Tezi za limfu je? Kwa mama mdogo havikufanyika, kwa kuwa aliingizwa chumba cha upasuaji akidhaniwa ana uvimbe wa kawaida. Katika jaribio la ACTION, waliofaidika waziwazi na kemo ni wale ambao ukaguzi wao haukukamilika.

"CA-125 iko chini, amepona"

CA-125 ni kipimo cha damu, na kwa karibu nusu ya wenye hatua ya kwanza huwa cha kawaida tangu mwanzo. Kisiamue peke yake.

"Anaenda kuchomwa, nywele zote zitatoka, hatazaa tena"

Kuchomwa ni mionzi. Kemo ni dawa, mara nyingi dripu kila baada ya siku 21. Karboplatini, moja ya dawa hizo, peke yake mara chache humaliza nywele; ikiambatana na nyingine, paklitakseli, nywele hutoka, kisha huota. Mwanamke ambaye bado anataka watoto anaweza, katika baadhi ya hali, kubakiziwa kizazi na ovari ya pili, na wengi hupata hedhi tena baada ya kemo. Hilo lisemwe kabla ya dripu ya kwanza. Cha kuogopa kweli ni homa: ikifika nyuzi 38, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, maana chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka.

Mama mdogo alitusikiliza wote, akalala, asubuhi akasema anaanza. Mzunguko wa tatu vidole vilianza kufa ganzi. Alituficha, akihofu dawa itasimamishwa, mpaka kikombe cha chai kilipomponyoka mkononi. Tulipomweleza daktari hakuisimamisha. Alipunguza dozi ya paklitakseli, na mizunguko sita ikaisha.