Sashe ya muhogo: wanayosema watu Bukavu, na ukweli ulivyo

"Sashe ya muhogo haifai, inavunjika." Maneno haya kuhusu mfuko laini wa kubebea uliotengenezwa kwa wanga wa muhogo husikika sana Kadutu, mtaa wa Bukavu, na yana ukweli ndani yake. Wanga ukipikwa na maji hadi uwe uji mzito unaong'aa, ukamwagwa na kuanikwa, huacha utando angavu unaopasuka ukiukunja, kwa kuwa minyororo ya wanga, yaani molekuli zake ndefu, imeshikamana mno. Gliserini, kimiminika kizito kinachotumika kama kilainishi, hupenya katikati yake na kuilegeza. Gramu 20 hadi 40 kwa gramu 100 za wanga zinatosha kuufanya utando ukunjike bila kupasuka. Wapo wanaoogopa kilainishi chochote wakidhani ni sumu, ilhali gliserini imo hata katika dawa za kikohozi.

"Basi tuzidishe gliserini." Hapo ndipo wengi hukwama. Gliserini huvuta unyevu wa hewani. Wakati wa mvua, utando ulioshiba gliserini hunata vidoleni, hulegea na kukatika ukitiwa maharagwe. Ukiwekwa wiki kadhaa, gliserini hutokeza juu, minyororo hujipanga upya, na utando hukakamaa. Kwa hiyo viwanda havitegemei gliserini peke yake. Huchanganya wanga na PBAT, plastiki laini inayooza, au huifunga minyororo kwa asidi ya sitriki, ile iliyomo katika limau, ili utando usinywe maji ovyo. Nyuzi ndogo sana za selulosi, kitu kinachoipa mimea uimara, nazo huupa nguvu, ila zikizidi hupunguza kunyumbuka. Binafsi ningeanza na asidi ya sitriki: ni rahisi kuipata, na kosa la vipimo huonekana mapema.

"Cha mmea huoza, cha petroli hakiozi." Si hivyo. PBAT kwa kawaida hutokana na petroli, na vijidudu huila. Polyethilini, plastiki ya mifuko ya kawaida, inayotengenezwa Brazil kwa miwa haiozi, sawa na polyethilini nyingine yoyote.

"Kwa vile inaoza, tuitupe tu ziwani." Hili linaniumiza kuliko yote, maana taka za plastiki za Ziwa Kivu zimekuwa zikiziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, mto unaotoka ziwani humo. PLA, plastiki itokanayo na mahindi au miwa, huoza vizuri kwenye mboji yenye joto la nyuzi 58 hivi. Maji ya juu ya ziwa yana nyuzi 24 hivi, na humo itakaa miaka. Hata alama ya EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, inahusu mboji ya kiwandani: asilimia 90 iwe imeoza ndani ya miezi 6. Muuzaji akikuonyesha alama hiyo, muulize mboji hiyo iko wapi.