"Kuatamia" kwa maradhi: kwa nini barua ya skuli inasema wiki tatu

Tuseme mtoto wa darasa la pili huko Wete ametoka tetekuwanga. Mwalimu mkuu anawaandikia wazee: waangalieni watoto wenu kwa muda wa wiki tatu. Mama anaisoma barua, anamvua mwanawe shati, haoni kipele hata kimoja, basi yamekwisha.

Hayajaisha, na sababu yake ni kuatamia. Kuku hulalia mayai siku 21, na kwa nje huoni chochote kinachoendelea ndani ya ganda. Virusi vya tetekuwanga navyo vikishaingia mwilini, kwa pumzi au kwa kugusa majimaji ya vipele, hukaa kimya siku 10 hadi 21, mara nyingi kama wiki mbili, ndipo homa na vipele vijitokeze. Waliokaa dawati moja na mgonjwa Jumatatu ya tarehe 3 wanaweza kutoka vipele wakati wowote kati ya tarehe 13 na 24. Kumkagua mtoto tarehe 4 hakukwambii kitu. Na ndugu yake akiambukizwa naye, hesabu inaanza upya.

Zaidi ya hapo, mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza. Mwalimu anapoviona vipele, darasa limeshavuta pumzi ile ile. Ndiyo maana barua haitaji jina la mtoto, na isitaje kabisa: hakuna mzee aliyezembea, na mtoto asije akarudi darasani akanyooshewa vidole. Atarudi vipele vyote vikishakauka na kufanya magamba, kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 7. Si lazima magamba yadondoke.

Ninaloliona linasahaulika sana ni chuo cha Kurani. Asubuhi skuli, mchana chuoni, watoto wale wale wamebanana mkekani pamoja na wa mitaa mingine. Ukimzuia mtoto asiende skuli kisha ukampeleka chuoni, hujamzuia. Maalim naye apelekewe habari, siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mkate kucha, mwogeshe, na homa mpe parasitamoli. Aspirini usimpe kabisa. Kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta maradhi adimu lakini mabaya ya ini na ubongo. Akipumua kwa shida, akilala usingizi usio wa kawaida au vipele vikifanya usaha, mpeleke kituo cha afya.

Watoto wengi hupona bila ya taabu. Wasiwasi wangu ni kwa mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, kwa kichanga, na kwa mwenye kinga dhaifu. Hao wakikaa karibu na mgonjwa, waende kituo cha afya mara moja, wasingojee kipele, kwa sababu siku za mwanzo ndizo daktari anazoweza kuwasaidia zaidi.