Acha kwanza kukimbizana na maneno magumu ya Kiingereza

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza, hasa msamiati, na daftari za wanafunzi nimezipekua nyingi. Karibu zote zinafanana: kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili, katikati alama ya usawa. Na maneno yenyewe ni yale ya kutisha watu, "ubiquitous", "ephemeral", "gregarious". Sasa muulize mwenye daftari maana ya "charge". Atakushangaa. Hilo nalo ni neno la kumuuliza mtu mzima? Si kuchaji simu!

Haya, tuliangalie. "They charged me too much" ni kwamba walinitoza pesa nyingi mno. "He was charged with murder", ameshtakiwa kwa mauaji. "Who is in charge here?", nani msimamizi hapa? "Free of charge", bure. Mtu aliyejifunza maana ya simu peke yake akisoma habari ya mahakamani ataona mtuhumiwa anachajiwa, na sentensi nzima itamponyoka ingawa hakuna neno hata moja ndani yake ambalo hajawahi kuliona.

Neno hili liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, na nyuma yake kuna Kilatini, likiwa na maana ya kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Ukishika wazo hilo la mzigo, zile maana zinaanza kushikana mikono: betri inapakiwa umeme, mteja anatwikwa gharama, mtuhumiwa anatwikwa kosa, msimamizi anatwikwa dhamana. Ile maana ya kushambulia, kama fahali anapomjia mtu mbio, imeenda mbali zaidi na ni afadhali ijifunzwe peke yake. Sisemi kila neno lichimbwe hivi, utazeeka hujamaliza herufi C. Nasema maneno makubwa ya kila siku yanastahili jasho hilo kuliko "gregarious".

Hesabu iko upande wangu. Maneno 100 tu yanayotumika zaidi huchukua karibu nusu ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza. Mwaka 1953 mwalimu wa Kiingereza Michael West alichapisha orodha yake maarufu ya maneno ya msingi, kama 2,000 hivi, na mpaka leo walimu wanaitumia au wanatumia orodha zilizotokana na wazo lake. Mwaka 2000 mtafiti wa msamiati Averil Coxhead akatoa orodha nyingine kwa wanaosoma vitabu vya chuo, yenye koo 570 za maneno. Ukoo hapa ni neno pamoja na watoto wake: "decide", "decision", "decisive" ni nyumba moja. Naye mtafiti mwenzake Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti bila kushikwa mkono kunahitaji koo 8,000 hadi 9,000. Wengi wakisikia namba hiyo hukata tamaa, au hukimbilia orodha za maneno adimu. Lakini maneno hayalingani uzito. Yale 2,000 ya mwanzo utakutana nayo kila ukurasa. "Gregarious" unaweza kumaliza kitabu kizima usilione. Tena yale ya kawaida ndiyo yenye maana nyingi: kamusi kubwa ya Oxford inakipa kitenzi "run" maana zaidi ya 600.

Mzungumzaji wa Kiswahili hapaswi kushangazwa na jambo hili. Mgeni aliyeandika daftarini kwamba piga ni kugonga kwa mkono atafanya nini akisikia piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga magoti, piga mbizi? Sisi hatukukariri orodha ya maana za piga. Tulilipokea neno likiwa na wenzake. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa kuangalia linaandamana na nani, na kwangu hiyo ndiyo nusu ya somo la msamiati. Uamuzi kwa Kiingereza huandamana na "make", kazi ya nyumbani ya mwanafunzi na "do", wakati sisi zote tunazifanya tu. Mvua kubwa kwao ni "heavy rain". Ukisema "big rain" utaeleweka, ila utasikika mgeni.

Kwa hiyo kwenye kadi yako ya kujifunzia maneno usiandike neno na tafsiri. Andika sentensi fupi yenye pengo, neno liwe nyuma ya kadi. Sentensi itoe kwenye kamusi ya wanaojifunza, si ile ya wenye lugha yao. Kamusi ya Longman ilianza mwaka 1978 kueleza maana kwa msamiati wa maneno kama 2,000 tu, na kamusi ya COBUILD mwaka 1987 ikaja na maelezo ya sentensi kamili, ambayo binafsi nayapenda zaidi kwa sababu wenzake wa neno wamo humo humo.

Kukumbuka ni habari nyingine. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua. Dawa yake ni kurudia kwa kuachia nafasi zinazoongezeka: kesho, baada ya siku chache, baada ya wiki kadhaa. Na kurudia si kusoma tena. Funika jibu, ulitafute kichwani hadi likuume kidogo, ndipo ugeuze kadi.

Kuna ushauri wa kubahatisha maana kwa kusoma yanayolizunguka neno. Ni mzuri, lakini unafanya kazi pale maneno mageni ni machache, tuseme moja katika kila maneno 50. Yakiwa mengi kuliko hapo, unabahatisha juu ya bahati nasibu. Tafuta kitabu chepesi zaidi, bila aibu.

Jambo la mwisho linakwenda kinyume na vitabu vingi vya shule: usijifunze visawe au vinyume siku moja. Yanagombana kichwani. Mfano wetu mbaya zaidi ni "borrow" na "lend", kwa sababu Kiswahili kinatumia azima pande zote mbili: niazime kalamu, nimeazima kalamu kwake. Wiki hii shika "borrow" peke yake, pamoja na "from" inayoifuata. "Lend" ianze pale "Can I borrow your pen?" itakapokutoka mdomoni bila kuitafuta, nayo ije na sentensi yake: "Can you lend me your pen?"