Kannauj: mji unaokeneka udongo

Mama mmoja wa Kibokoni, mteja wangu tangu nianze kuuza marashi, alifungua kichupa nilichomwekea, akajipaka tone nyuma ya mkono, akanusa, kisha akanirudishia. "Mwanangu, hii hainukii. Yanuka." Lilikuwa hal waridi, atari (marashi ya mafuta) ya waridi, nililoagiza kwa mfanyabiashara mmoja aliyeniapia kwamba limetoka Kannauj. Hata saa haijaisha, ua lilikuwa limeshakwenda zake na mkononi mmebaki utelezi wa mafuta tu. Aibu ile ndiyo iliyonipandisha treni Kanpur.

Kannauj iko jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, kilomita kama 80 kutoka Kanpur, karibu na mto Ganga. Sensa ya 2011 ilihesabu watu wasiofika 90,000. Ukishuka stesheni hutaona cha kukutoa macho: vichochoro vyembamba, nyaya za umeme zilizosukana juu ya vichwa, na malori ya viazi, maana kilimo kikubwa cha wilaya ile ni viazi, si maua. Huwezi kuamini kwamba hapa palikuwa makao makuu ya mfalme Harsha, aliyetawala sehemu kubwa ya kaskazini ya India kuanzia mwaka 606 hadi 647, na kwamba mtawa wa Kichina Xuanzang alifika akausifu mji huu. Baadaye nasaba tatu ziliugombania kwa vizazi, Mahmud wa Ghazni akauvamia na kuupora mwaka 1018, na mwaka 1540 Humayun, baba yake Akbar, akashindwa vitani karibu na hapa na kupoteza ufalme wake kwa miaka mingi. Wafalme wamekwenda. Kazi iliyobaki ni ya jikoni: kukeneka marashi, yaani kuchemsha maua na kukamata mvuke wake.

Nasema jikoni kwa sababu karakana ya marashi ya Kannauj ni jiko kwelikweli. Tanuri za udongo zimejipanga ukutani, na juu ya kila moja limekaa sufuria kubwa la shaba wanaloliita deg. Humo hutiwa maua na maji, kifuniko kikafungwa kwa udongo uliokandwa na pamba mpaka mvuke usipate pa kutokea ila mmoja: mwanzi mrefu uliozungushiwa kamba, unaoteremka hadi kwenye chombo kingine cha shaba chenye shingo ndefu, bhapka, kilichokaa ndani ya birika la maji baridi. Moto ni wa kuni au mavi makavu ya ng'ombe. Kipimajoto hakuna. Mzee niliyekaa naye siku mbili alikuwa akiingiza mkono birikani na kupapasa tumbo la bhapka. Likipata joto kuliko analolitaka, kijana anapigiwa kelele abadilishe maji au apunguze kuni. Kuna wakati alikuwa akisikiliza tu, kama mtu anayesubiri wali ukauke.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunaouza na kununua tunapopotea. Tunadhani kinachotoka kwenye mwanzi ule ni mafuta ya ua. Sivyo. Ndani ya bhapka, kabla mvuke haujafika, kunakuwa tayari na mafuta ya msandali. Mvuke wa ua unapoa ndani yake, sandali inaishika ile harufu, maji yanatengana na kukaa chini. Jioni maji yanatolewa na kurudishwa kwenye deg, kesho yake maua mapya yanatiwa, na sandali ile ile inarudishiwa harufu juu ya harufu, siku kumi, siku kumi na tano, mpaka ishibe. Kwa hiyo atari ya Kannauj ni sandali iliyovishwa ua. Bila sandali ni kanzu isiyo na mwenyewe.

Na sandali imekuwa ghali mno. Miti ilikatwa na kuibwa misituni huko kusini mwa India kwa miaka mingi, serikali ikabana, bei ikapaa. Tangu miaka ya 1990 karakana nyingi zikaanza kutia parafini ya maji kwenye bhapka badala yake, mafuta yasiyo na rangi wala harufu na ya bei rahisi. Maua ni yale yale, shaba ni ile ile, mikono ni ile ile, na mwenye karakana anaweza kukuapia kwa dini yake kwamba limekenekwa Kannauj kwa njia ya wazee, asiwe amesema uongo. Sitawalaumu sana. Mnunuzi wao mkubwa si mimi wala wewe, ni viwanda vya tumbaku ya kutafuna na pan masala, ndugu wa tambuu yetu, na hao wanachotaka ni harufu ya kupita mdomoni.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa atari siulizi ua gani, nauliza limekaa juu ya mafuta gani. Kisha najipaka na kusubiri nusu siku. Ua likiondoka, sandali hubaki, tamu na nzito kidogo, kama liwa iliyokaukia ngozini. Pasipobaki kitu, umeshajibiwa.

Mengi ya Kannauj tunayajua kwetu kwa majina mengine. Bela ni asumini. Hina ni hina, ila wao hukeneka mpaka maua yake. Kewra, inayotoka zaidi Odisha, ni ua la jamaa wa mkadi wetu, ule tunaoutia kwenye vikuba. Lakini kuna moja ambayo sikuwahi kuiona popote: mitti, atari ya udongo.

Wanachukua udongo, wanaufinyanga vipande, wanauchoma kidogo tanurini, kisha vile vigae vinatiwa kwenye deg kama vile ni mawaridi. Nilidhani nataniwa. Kinachotoka ni harufu ya mvua ya kwanza ikigonga ardhi iliyokauka. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa harufu hiyo jina la petriko katika jarida la Nature, na humo humo wakataja kwamba India kuna watu wanaoikamata na kuiuza. Atari ikishapatikana hutiwa kwenye kuppi, chupa ya ngozi, ili unyevu uliosalia upenye nje polepole na mafuta yabaki. Nilishika moja mkononi: laini, yenye jasho kwa nje, kama mnyama aliyelala.

Waridi sikununua, bei ya lile lenye sandali ya kweli ilinishinda. Nilirudi na tola mbili za mitti (tola moja ni gramu kama 12). Yule mama wa Kibokoni nilimpelekea kwake, nikamwomba asiulize kitu mpaka anuse. Akanusa, akanusa tena, akaniangalia juu ya miwani.

"Na hili tope, mwanangu, umelinunua kwa pesa?"

Akachukua nusu tola, akalipa.